Jina Lililomwagiwa Maji: Kumuaga Bi Odessa Marchbanks

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari, Bi Odessa Marchbanks anastaafu baada ya kuitumikia maktaba yetu ya mtaa hapa Bronzeville kwa miaka thelathini na mmoja. Ni tabia yake kabisa kuondoka mwishoni mwa Februari, mwezi wa historia ya watu weusi, ambao walimu wa nchi nzima hukumbuka kwa pamoja kwamba watu weusi nao wameandika tamthilia, wakatupigia simu wote asubuhi moja. Amesema hachukui koti lake mpaka simu ya mwisho ijibiwe.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, nilimwendea mwenyewe nimuulize angependa niandike nini. Hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Andika unachotaka, mwanangu," alisema, "ila usiniandikie kama nimekufa. Nikiona sifa zimezidi kama za kwenye jeneza, naurudisha na kalamu nyekundu." Kwa hiyo nitajitahidi kumweka hai aya kwa aya. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini jambo hilo kwake si mzaha.

Bi Odessa alianza kazi mwaka 1994 kwenye meza ya kupokea vitabu vinavyorudishwa. Chini ya meza hiyo kulikuwa na katoni la karatasi za programu za maonyesho ya zamani. Watu walizileta walipokuwa wakisafisha nyumba za mama zao waliofariki, na hakuna aliyejua azipeleke wapi. Yeye alizijua karatasi za aina hiyo. Ujanani aliwahi kusimama jukwaani pale Ukumbi wa Lantana, akiwa mtumishi mwenye sinia na sentensi moja tu ya kusema, na sentensi yenyewe aliisahau. Anasema aliinama, akaweka sinia, akatoka, na watu wakapiga makofi kwa kudhani ndivyo ilivyoandikwa.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, yeye ndiye aliyetumwa kujifunza, kwa sababu wengine wote walikataa. Akalifungua lile katoni, akatengeneza ukurasa mmoja wa mtandao wenye watunzi wachache wa tamthilia: nani aliandika nini, nakala inapatikana wapi, ruhusa ya kuigiza inaombwa kwa nani. Ukurasa ukazaa ukurasa. Leo akina mama wa kanisa huko Georgia wanaotafuta tamthilia fupi isiyo na matusi wanaanzia kwetu. Mwalimu wa Alabama anaanzia kwetu. Wanaume waliofungwa gerezani Ohio, wenye kikundi chao cha maigizo, walimwandikia kwamba tovuti hii ndiyo iliyowaonyesha kuwa mtu wa mtaani kwao aliwahi kuandika mchezo ukachezwa. Na yeye hajibu kwa barua pepe. Hupiga simu. Mtu akiuliza swali la dakika moja, ajiandae kuulizwa anaigiza wapi, nani anashona mavazi, na kama wamekula.

Katoni lile bado lipo. Mwanangu Josiah alilala humo mchana mwingi alipokuwa mchanga, siku nilizokosa wa kunishikia. Bi Odessa alihamisha karatasi zake kwenye kabati bila kuulizwa, akatandika sweta lake.

Sasa niseme lile ambalo wengi wa ghorofa ya chini walilisikia nusunusu.

Mtunzi mweusi akifariki miaka ile, usingesoma popote. Magazeti makubwa hayakuandika. Ungesikia ukumbini. Pale Lantana, kabla ya onyesho la kwanza la mchezo wowote, mzee husimama mbele ya pazia na jagi la maji, na mmea kwenye chungu miguuni pake. Humwaga kidogokidogo akiwaita waliotutangulia, kisha huwaachia watu nao waite wa kwao. Jina likitoka, ukumbi mzima huitikia "Ashe", yaani na iwe hivyo, na maji yanashuka. Bi Odessa hakukosa hata mara moja. Alikaa kiti cha pembeni akasikiliza, na kesho yake asubuhi ukurasa wa aliyetajwa ulikuwa na mwaka wa kufa. Alikuwa na msemo wake: "Jina lililomwagiwa maji, mimi siliulizi maswali."

Mwaka juzi, mwezi huuhuu wa Februari, jina moja lilikuja lenyewe kuuliza maswali.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, theluji imekaa madirishani. Bi Odessa huweka simu kwenye spika ili mikono yake ibaki kwenye kibodi, kwa hiyo sote tulisikia.

"Naomba kuongea na aliyeniua," ilisema sauti ya mwanamke mzee.

"Umekosea namba, dada. Hapa ni maktaba."

"Hapohapo ndipo. Mimi ni Lavinia Crutchfield. Nimekaa kwenye kiti changu nakula uji wa mahindi, na mpwa wangu ananionyesha kwenye simu yake kwamba nilifariki mwaka 1998. Sasa niambie, mlinizika na nguo gani? Maana nina gauni langu la zambarau, nalitafuta silioni."

Hakuna aliyecheka. Lavinia Crutchfield ndiye mtunzi wa *Shuka za Hoteli*, mchezo wa wanawake wanaofua shuka za hoteli ambamo wao wenyewe hawaruhusiwi kulala. Ukurasa wake ni miongoni mwa kurasa zinazofunguliwa sana kwenye tovuti yetu. Na Ijumaa ya juma lilelile, baada ya miaka mingi, mchezo huo ulikuwa unafunguliwa upya pale Lantana kwa heshima ya marehemu.

Bi Odessa akafanya analolijua. Akaufungua ukurasa, akafuta mwaka, akahifadhi. "Nimerekebisha, dada. Ukitazama sasa uko hai."

"Asante kwa kuniruhusu," sauti ikasema, na simu ikakatwa.

Kabla ya chakula cha mchana ilikuja barua ya yule mpwa, ambaye kwa bahati mbaya yetu ni wakili. Kila kitu cha shangazi yake kitolewe, mchezo usimamishwe, la sivyo tuonane mahakamani. Alasiri Bwana Greer, mkuu wetu, akapanda ngazi taratibu kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa.

"Nimetoka kuongea na wakubwa wa mjini," alisema. "Bibi asipoondoa malalamiko yake kabla Ijumaa haijaisha, wanazima."

"Wanazima ukurasa wake?"

"Yote, Odessa. Tovuti nzima. Wanasema kama mmoja tumemzika hai, hatujui ni wangapi wengine."

Lilikuwa swali la haki, na ndilo lililomkata miguu. Jumanne na Jumatano alikaa akifungua kurasa moja moja, akitazama miaka ya kufa aliyoiandika kwa mkono wake, asijue tena ni upi aliouhakikisha na ni upi aliousikia tu. Chakula alichokuja nacho alikirudisha nyumbani jinsi kilivyo. Alipiga simu kwenye tovuti nyingine zilizoandika vilevile, awaombe wasahihishe. Chuo kimoja kilimjibu kwa adabu kwamba hawawezi kubadilisha, kwa kuwa chanzo chao ni cha kuaminika. Akauliza ni chanzo gani. Kilikuwa sisi.

Bwana Greer naye aliandika barua ya kuomba radhi, yenye maneno makubwa na muhuri. Ilirudi siku ileile, na juu yake mkono wa kizee umeandika: *Haina mtu ndani.*

Alhamisi Bi Odessa akaoka pai ya viazi vitamu, akavaa kofia yake ya kanisani, akaniambia niendeshe gari maana macho yake na theluji havielewani. Aliyekuwa amshike mwanangu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo tulikwenda watatu.

Nyumba ya wazee anakoishi Bibi Lavinia iko upande wa magharibi, na njia nzima Bi Odessa aliipakata pai mapajani. Bibi Lavinia tulimkuta amekaa wima, mdogo kama ndege, hereni masikioni, televisheni inapiga kelele. Alimtazama Bi Odessa kuanzia kofia mpaka viatu.

"Pai hiyo umeoka mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

"Iweke pale. Sili chakula cha aliyeniua mpaka nijue sababu."

Bi Odessa alibaki amesimama, hakuna aliyemkaribisha kiti. Alianza kueleza habari za kompyuta na kurasa. Bibi Lavinia akainua kidole.

"Nisikilize kwanza. Kufa si neno, kila mtu atakufa. Ila miaka yote hiyo mimi nilikuwa na simu. Namba ileile. Nilikaa karibu nayo. Nilikuwa najiambia, Lavinia, labda mchezo wako haukuwa mzuri kiasi hicho. Labda watu wamekuchoka. Nikaacha kuandika. Kumbe walikuwa wanauchekea na kuulilia mashuleni huko, na hakuna anayepiga simu kwa sababu wewe umewaambia sipo." Akashusha kidole. "Hicho ndicho ulichoniibia. Basi eleza sasa."

Bi Odessa alivua kofia yake ya kanisani, akaishika mikononi.

"Sina la kujitetea," Bi Odessa alisema. "Nilisikia jina lako likiitwa Lantana, wakati wa kumwaga maji. Watu wakaitikia. Wanawake walilia, mama. Mimi mwenyewe nililia. Sikuuliza."

"Nani aliita?"

"Mwanamume mmoja, kule nyuma."

"Sauti nzito? Kama mtu anayeongea ndani ya pipa?"

"Ndiyo."

"Na kofia kichwani, ndani ya ukumbi?"

Bi Odessa akafikiri. "Kofia ya kahawia. Ilikuwa na unyoya."

Bibi Lavinia akachukua rimoti, akazima televisheni. "Hosea," alisema. "Mume wangu. Nilimfukuza vuli ya mwaka uliotangulia, na begi lake nikalitupia ngazini. Akageuka mlangoni akasema, Lavinia, kwangu mimi umekufa. Nikasema sawa, usisahau viatu vyako. Nilidhani ni hasira za mtu mzima." Akatikisa kichwa. "Kumbe alikwenda kunifanyia na matanga."

Nilidhani hapo atacheka, tutakata pai, tutarudi nyumbani. Hakucheka.

"Yuko wapi sasa? Amekufa?" aliuliza.

"Sijui, mama," Bi Odessa akajibu. "Mimi hilo sitalisema tena kwa mtu yeyote."

Jibu hilo, nadhani, ndilo lililotupatia kiti. Tulikaa. Bibi Lavinia akatoa sharti lake, na halikuwa la maandishi. "Uliniua mbele za watu, utanifufua mbele za watu. Si kwenye kompyuta. Simama palepale, kwa maji yaleyale, ulirudishe jina langu. Nikiridhika, mpwa wangu atapiga simu kesho hiyohiyo. Nisiporidhika, zimeni."

Jioni ile tulipita kwa Baba Cyrus, mzee anayemwaga maji pale Lantana. Alisikiliza mpaka mwisho, akakataa. "Maji yakimwagika hayazoleki, Odessa. Sijawahi kuona mtu akiitwa huko akarudishwa huku. Tukianza mchezo huo, kesho nani ataamini kuita kwetu?"

"Hata leo hawapaswi kuamini," Bi Odessa alimwambia. "Mtu alileta ugomvi wa nyumbani kwake akaumwaga kwenye chungu chako, na sisi wawili tukaitikia. Wewe ulimwaga, mimi nikaandika. Nipe jagi."

Baba Cyrus akasema jagi atampa, ila yeye atasimama kando, mikono nyuma, na lolote litakalotokea si lake.

Ijumaa saa moja jioni ukumbi ulijaa hadi ngazini. Bwana Greer alikuwa mstari wa pili, simu mkononi, maana wakubwa wa mjini walikuwa wakisubiri. Kiti cha mbele kilichowekewa Bibi Lavinia kilikuwa kitupu. Theluji ilikuwa imeanza tena, mpwa hapokei simu, na nyumba ya wazee walisema ametoka zamani. Nyuma ya pazia wachezaji walikwishavaa, hawajui kama watacheza.

Baba Cyrus akamaliza kuita wazee wote. Watu wakaita wa kwao. Ashe, ashe. Kisha akamkabidhi Bi Odessa jagi, akarudi nyuma kama alivyosema.

Fikirieni alivyosimama pale. Kama angeliita jina na mwenyewe hayupo, angekuwa amemzika mara ya pili, kwa sauti yake mwenyewe safari hii. Kama asingeliita, tovuti ingezimwa, na watunzi wote wale waliokaa ndani ya katoni miaka mingi wangerudi gizani. Alikitazama kiti kitupu. Akatazama mlango. Akaita.

"Lavinia Crutchfield."

Midomo ikafunguka kwa mazoea. Akainua mkono. "Msiitikie."

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo mahali pale.

"Jina hili liliitwa hapa mwaka 1998," alisema, akiwatazama mpaka safu ya nyuma. "Niliamini nikaandika, nanyi mkasoma. Hakuwa amekufa. Alikuwa nyumbani, karibu na simu, anasubiri tumpigie. Mimi, Odessa, ndiye niliyeandika. Naomba arudi." Akakishika chungu, akakisogeza mbali na jagi. "Lavinia Crutchfield."

Mlango haukufunguka. Mtu akakohoa. Bwana Greer akainamisha kichwa. Nilimbana mwanangu kifuani, nikamwona Bi Odessa akivuta pumzi ya kuita mara ya tatu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua kwamba hakuna ya nne.

"Lavinia Crutchfield."

"Nimesikia, si kiziwi." Ilitoka kule nyuma, mlangoni. "Nipo. Njia ya viti vya magurudumu hamjaisafisha theluji, mlitaka nipae?"

Alikuwa amevaa gauni la zambarau.

Siwezi kuandika kelele zilizofuata. Watu walisimama juu ya viti. Baba Cyrus, aliyesema si lake, ndiye aliyekwenda kumsukuma mpaka mbele, machozi yanateremka ndevuni. Bibi Lavinia akalichukua jagi kutoka mikononi mwa Bi Odessa, akalitazama, akanywa maji. Kisha akawaambia watu waitikie, nao wakaitikia.

Mpwa alipiga simu kabla pazia halijafunguliwa. Mchezo ukachezwa. Mwishoni Bibi Lavinia alikuwa na malalamiko mapya: yule msichana wa sehemu ya pili alimeza sentensi nzuri kuliko zote, na alitaka aitwe aje aiseme tena. Aliitwa. Aliisema.

Pai waliila wawili, Jumapili, na sikualikwa.

Tangu hapo Bi Odessa ana utaratibu mwingine, na huu ndio ninaouona mkubwa kuliko yote aliyotuachia. Kila Januari humpigia simu kila mtunzi aliye hai kwenye tovuti yetu. Si kwa ajili ya ruhusa wala taarifa. Huita jina tu na kusubiri. Akiitikiwa, anaandika pembeni ya jina neno moja: *Yupo.* Wengine hulia kwenye simu. Mmoja wa Detroit alimwambia ameanza kuandika tena kwa sababu aliona aibu kupigiwa akiwa hana jipya. Bibi Lavinia naye amemaliza mchezo mpya, unaosomwa Lantana masika haya. Una mhusika mwenye kofia ya unyoya ambaye kila akifungua mdomo mlango hufungwa mbele ya pua yake.

Na Ijumaa hii atakuja kumuaga mwenzake. Ameomba kiti karibu na choo, na ameomba kuhutubia. Tumemkubalia vyote viwili kwa kuwa hatukuwa na namna.

Maneno mawili kwa wafanyakazi wenzangu. Kuanzia Jumatatu, atakayempigia Bi Odessa kumuuliza nywila iko wapi au skana imekwama vipi atanijibu mimi kwanza. Mwanamke huyu ametulea sisi na watoto wetu pamoja na kufanya kazi yake, aachwe alale mpaka jua litoke. Na ukumbini asitokee mtu wa kumwita kwa sauti ya huzuni. Tunamuaga mtu anayekwenda nyumbani kwake, mtaa wa tatu kutoka hapa, akapumzishe miguu.

Bi Odessa, tunakushukuru kwa katoni, kwa sweta, na kwa kutufundisha kwamba mtu huulizwa angali anaweza kujibu. Tunakutakia siku ndefu zenye jua dirishani, magoti yasiyouma, na tamthilia nyingi ambazo utazitazama tu bila kuziandikia ukurasa. Jana nimekuongeza kwenye tovuti, chini kabisa, penye majina ya walioijenga. Hakuna mwaka wa mwisho. Kuna jina lako na lile neno moja.

Januari nitakupigia. Pokea simu.

Renelle Bascombe
Ghorofa ya pili